Mama wa Matumbo

Gacheri, mama, binti yangu,

Umeenda Kiirua sokoni kumuaga shangazi yako, na nyumba imenyamaza. Nimeketi karibu na dirisha nipate mwangaza. Nataka nimalize kabla hujarudi, kwa sababu nikikuona nitaanza tena habari za sweta na nambari za simu, na hayo mama yako ameshakuambia mara tatu. Barua hii utaikuta kwenye begi, katikati ya nguo, ukifika Eldoret. Nimeona afadhali uisome nikiwa mbali.

Nilikusikia Jumanne. Nilikuwa nyuma ya jiko nikiziba ua pale mbuzi wa jirani walipopenya, nawe ulikuwa umesimama kwenye shamba la viazi ukiongea na rafiki yako kwa simu. Ulimwambia umeitwa kusimamia ofisi ya hospitali. Ulisema, "Ni kazi ya ofisi, nitakuwa na watu chini yangu." Barua ya hiyo kazi wewe mwenyewe ulinisomea. Unaenda kufua mashuka ya wagonjwa.

Nilibaki na waya mkononi nikashindwa kuufunga. Sikukasirika, mama. Najua ulivyosoma, najua miaka miwili uliyozunguka na vyeti vyako kwenye bahasha ya kaki. Nilishtuka tu, kama mtu anayesikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye kinywa cha mwingine. Kabla ya kusema yale maneno ulivuta pumzi kidogo. Pumzi hiyo naijua. Niliivuta mimi, mlangoni mwa kanisa, kabla wewe hujazaliwa.

Kuna jambo hujawahi kuambiwa katika nyumba hii. Mama yako analijua. Nyanyako alilijua akaenda nalo kaburini. Sasa nakuambia.

Wewe ulimjua nyanyako, mama yangu, akiwa ameketi juani na blanketi miguuni, akikuchomea viazi kwenye jivu. Hukumjua akiwa na nguvu. Babu yako, mume wake, alipofariki mimi nilikuwa darasa la pili. Shamba lilikuwa dogo, na mwaka ule baridi iliunguza viazi vyote. Mama akaniacha kwa nyanya yake, akashuka Meru mjini kutafuta kazi, akaipata Majengo, kwenye buchari ya Mwislamu mmoja aliyeitwa Mzee Salim. Kazi yake ilikuwa kusafisha matumbo. Ng'ombe wakishachinjwa, matumbo yaliletwa kwenye makarai ua wa nyuma, na yeye aliyamwaga, akayaosha, akayakwangua, akayaosha tena kwa maji ya moto, kisha akapika supu ya kuuza. Alipanga chumba kimoja hapo hapo Majengo. Kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha mpaka kidato cha nne, na ikanipeleka kusomea ukarani.

Nikiwa mdogo sikuona ubaya wowote. Aibu ilinipata shule ya upili, siku ya wazazi. Mama alikuja na gamboti zake, vile viatu virefu vya mpira vya kazini, akanikumbatia mbele ya watu, na kijana mmoja wa darasa letu akafunga pua kwa vidole. Ni hayo tu. Hakusema neno. Lakini kuanzia siku hiyo sikumwambia mama tena siku ya wazazi ni lini. Alipouliza, nilisema imeahirishwa. Aliniamini, au nilifikiri aliniamini.

Nilipopata kazi kwenye ofisi moja ya serikali pale Meru, nilipanga chumba Makutano. Kutoka kwangu mpaka Majengo ni mwendo wa mtu kutembea tu, lakini niliufanya kuwa safari. Nilikuwa nikienda kumwona jioni, nikiwa nimevaa koti lisilo la kazini, na sikukaa sana. Nikajiunga na kanisa kubwa, la watu wa ofisi na wenye maduka. Usidhani nilikuwa mnafiki mtupu. Nilimpenda Mungu kwa kweli. Nilifunga, niliomba, nilisoma. Ila nilifikiri anaishi kwa usawa wa wale walioketi viti vya mbele, na kwamba mtu akitaka kumfikia lazima kwanza apande mpaka pale. Kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri nilipewa kuandika kumbukumbu za mikutano, na baada ya miaka mitatu wakanichagua kuwa shemasi.

Hapo ndipo nilipokutana na mama yako. Muthoni alikuwa ametoka Embu kuja kufundisha watoto wa darasa la kwanza katika shule moja karibu na mji. Baba yake, babu yako Mwalimu Nyaga, alikuwa mwalimu mkuu, mtu ambaye akipita barabarani watu wazima wanaingiza mashati ndani. Nilimwambia Muthoni kwamba mama yangu yuko Kiirua, anaumwa miguu, hawezi kusafiri. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na ulitoka kwa urahisi hata nikashangaa.

Jumapili niliyokuwa nisimamishwe mbele ya kanisa kuwa shemasi, Mwalimu Nyaga alikuja kutoka Embu. Alisema anataka kuniona nikiwa kwetu, si nikiwa mgeni kwake. Mimi mama yangu sikumwambia chochote. Lakini mteja mmoja wa supu alikuwa mshirika wa kanisa letu, akamwambia, "Mama Murithi, kwani wewe huendi? Kijana wako anawekewa mikono leo." Majengo yote walimwita hivyo, Mama Murithi. Jina lake mwenyewe wengi hawakulijua. Mzee Salim akampa ruhusa, naye akatoka mbio vile alivyokuwa.

Nilikuwa nimesimama mlangoni pamoja na Muthoni na baba yake, tukisalimia watu. Nikamwona akipanda ngazi. Alikuwa na gamboti, leso kiunoni, na ile sweta yake ya kijani iliyotoboka kwenye viwiko. Harufu ilifika kabla yake. Alikuwa akitabasamu, na mkono wa kulia alikuwa ameshaunyoosha. Mwalimu Nyaga aliona jinsi alivyokuwa akiniangalia.

"Na huyu mama ni nani?" akaniuliza.

Nikavuta pumzi.

"Huyu ni mama anayetuuzia matumbo," nikasema. "Kule Majengo."

Gacheri, nimejaribu miaka hii yote kuamini kwamba sauti yangu ilitetemeka. Haikutetemeka. Nilisema kama mtu anayetaja bei ya sukari. Nilisikia maneno yakiisha, nikasubiri mtu mwingine aje kuyakanusha, kumbe hakuna mwingine, ni mimi.

Mama alisimama. Mkono ulikuwa bado uko hewani. Aliniangalia, si kwa hasira, bali vile mtu anavyoangalia sufuria kuona kama inavuja. Kisha akaupeleka ule mkono kwa Mwalimu Nyaga, akamsalimia kwa mikono miwili.

"Ndiyo, mzee," akasema. "Mimi ni mama wa matumbo. Bwana asifiwe."

"Asifiwe sana, mama. Karibu."

Akaingia, akaketi benchi ya mwisho, pale upepo wa mlango unapopiga. Mimi nikaenda mbele. Wakaniwekea mikono, watu wakapiga makofi, Mwalimu Nyaga akitingisha kichwa kwa kuridhika. Nilipogeuka kuwatazama watu, ile benchi ilikuwa tupu.

Nilisubiri kitu kinipate. Nilifikiri nitaugua, au nitasimamishwa kazi, au Muthoni ataniacha. Jumatatu nikaenda ofisini, nikanywa chai na maandazi, nikapiga taipu barua zangu, na kila kitu kilikuwa kama kawaida. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Kumbe mtu anaweza kufanya jambo kama lile na bado kiatu chake kikamtosha asubuhi.

Kwa wiki tano sikukanyaga Majengo. Naye hakuja.

Wiki ya sita Mwalimu Nyaga akatuma neno: kabla ya mazungumzo yoyote ya posa anataka kumwona mama yangu, hata kama ni kumfuata Kiirua kitandani. Basi Jumamosi nikaenda Majengo. Usifikiri nilienda kutubu. Laiti ingekuwa hivyo. Nilienda kupanga. Nilitaka kumwomba akubali kukaa Kiirua siku chache ajifanye mgonjwa, na shangazi yangu aongee kwa niaba yake. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri, kama barua ya ofisi.

Nikapita kando ya buchari nikaingia ua wa nyuma. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya karai. Kando yake, kwenye kigoda kingine, akiwa na gamboti za kuazima na mikono imelowa mpaka viwikoni, alikuwa mama yako.

Nakumbuka nilishika ukuta. Muthoni aliinua macho, akanitazama, wala hakuonekana kushangaa.

"Umekuja," akasema. "Leta hiyo ndoo ya maji."

"Unafanya nini hapa?"

"Naosha matumbo. Kwani unaona nini?"

"Ni nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Una masikio yake. Na mkisalimia mtu mnainamisha kichwa upande mmoja, nyinyi wote wawili. Mimi nafundisha darasa la kwanza, Murithi. Siku ya kufungua shule huwa sihitaji kuambiwa ni mzazi wa nani." Akarudisha macho kwenye karai. "Hii ni Jumamosi yangu ya tano. Nilikuwa naangalia utachukua wiki ngapi."

Mama hakuwa ameinua kichwa bado. Alikuwa akifungua lile tumbo lenye kurasa nyingi, ambalo watu wa buchari huliita kitabu, ukurasa mmoja mmoja, akipitisha kidole na maji.

"Mwache akae," akamwambia Muthoni kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwa maana mama yako hakujua Kimeru wakati huo. Ndiyo sababu wewe ulilelewa kwa Kiswahili. Nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, na suti yangu.

"Mama," nikasema, "nisamehe. Sikutaka watu wakudharau. Sikutaka uaibike pale mbele ya wale watu."

Hapo ndipo aliweka kisu chini.

"Niaibike? Mimi?" Aliniangalia kwa mshangao wa kweli, Gacheri, mshangao wa mtu aliyesikia habari mpya. "Murithi, wewe ulifikiri mimi naonea hii kazi aibu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Tangu lini?"

"Tangu shule," nikasema.

Kisha akasema polepole, "Basi hiyo aibu ni yako. Umekuwa ukinivalisha hiyo nguo miaka yote hiyo, na mimi sikujua hata niko nayo."

Tangu nikiwa kijana wa sekondari nilijiona mtoto mwema anayeficha fedheha ya mama yake. Nilifikiri namhurumia. Kumbe hakukuwa na fedheha. Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa akifanya kazi yake, na mtoto aliyekuwa akifunga pua kwa niaba ya watu ambao hata hawakuwepo.

"Wewe ukiona hili karai unaona mavi," akaendelea, akichukua kisu tena. "Mimi naona mama Amina. Amejifungua juzi, anangoja supu. Naona yule mzee fundi wa viatu, hana meno, yake lazima ichemke mpaka ilainike. Nikiacha mchanga kwa hizi kurasa, ni wao watakula mchanga. Nikiosha naongea na Mungu. Si kuomba kama nyinyi wa huko, ni kuongea tu. Namwambia leo maji ni baridi. Namwambia huyu ng'ombe alikuwa mzee sana. Yeye ananijua hapa hapa. Hajawahi kuniambia nitoe gamboti kwanza."

"Kwa nini ulikubali pale mlangoni?" nikamuuliza. "Kwa nini hukusema wewe ni mama yangu?"

"Wewe ulisema nusu, na hiyo nusu ilikuwa kweli. Hiyo ingine haikuwa yangu kusema."

Muthoni akauliza taratibu, "Mama, uliumia?"

"Niliumia sana," mama akasema. "Wiki mbili sikumwombea. Nilimwambia Mungu, huyo ajiombee mwenyewe, ameshakuwa shemasi."

Muthoni akacheka. Mama naye akacheka, mabega yakitingika. Mimi niliinamisha uso nikalia mbele yao, na hakuna aliyenikataza.

Nilipomaliza nikamwambia habari ya Embu. Nilimwomba aje nami, niseme ukweli naye akiwa kando yangu. Nilidhani atafurahi. Alikataa. "Siendi Embu kukuosha," akasema. "Nenda ukajioshe. Siku nikialikwa nitaenda kama mgeni, nile, nirudi kazini."

Nikaenda peke yangu. Babu yako alinipokea sebuleni, mkewe akaleta chai, na kabla sijainywa nikasema yote. Mwalimu Nyaga alivua miwani. Nilitegemea atanifukuza kwa sababu ya Muthoni. Alichosema sikukitegemea kabisa.

"Kijana, mimi nilimpa huyo mama mkono, kisha nikamwacha aketi mlangoni kama mtu asiye na mwenyewe. Nilimkosea mkwe wangu bila kujua. Umenifanya mkosaji pamoja na wewe." Akaifuta miwani kwa kitambaa. "Sina jibu la kukupa. Nenda nyumbani."

Chai ile sikuinywa.

Nilienda kwa mchungaji wangu pia, nikamwambia, nikaacha ushemasi. Mzee mmoja wa kanisa alinivuta kando akaniambia, "Murithi, ungenyamaza tu. Nani angejua?" Alisema kwa upendo, na ndiyo maana niliogopa. Niliona jinsi ningezeeka.

Kila Jumamosi, kwa mwaka mzima na zaidi, niliketi kwenye kile kigoda. Siku ya kwanza nilitapika nyuma ya ukuta, na vijana wa buchari wakanicheka mpaka wakashika mbavu. Sitakudanganya kwamba niliona nuru. Niliona maji machafu. Vidole vilipasuka kwa baridi. Mama alinirudishia kazi yangu mara nyingi: "Huu ukurasa hujafungua. Huu pia." Niliomba mwanzoni kwa maneno makubwa ya kanisani, kisha maneno yakaniishia, nikabaki naongea tu kama yeye. Halafu siku moja nilisimama kumwaga ndoo, nikagundua nimeosha asubuhi nzima bila kufikiria hata mara moja ni nani ananiona. Nilisimama pale na ndoo tupu, nimeshtuka. Nilikuwa nimeitafuta amani hiyo kwa kufunga na kukesha, nikaikuta mahali nilipokuwa nakimbia. Sikuwa shemasi, sikuwa mchumba wa mtu kwa hakika, na nilinuka. Na sikuwa nimepungua kitu.

Siku ya babu yako kukubali haikutangazwa. Alikuja Majengo mwenyewe, akaketi kwenye benchi ya wateja na suti yake, akaagiza supu, akaimaliza. Kisha akaenda ua wa nyuma, akatoa kofia, akamwambia mama, "Nimekuja kukualika nyumbani kwangu. Ningepaswa kukualika mapema." Mama akajifuta mikono, akamuuliza ni siku gani, kwa sababu Ijumaa kuna kazi nyingi.

Sikuambii umpigie rafiki yako simu, mama. Hilo ni lako, na mimi si mtu wa kumfundisha mwingine kusema ukweli haraka. Nilichukua wiki sita, na hata hiyo ya sita nilienda kudanganya. Nakuambia tu kile nilichokiona. Yale mashuka utakayofua, kuna mtu atalazwa juu yake akiwa na maumivu, na hatajua jina lako, na atalala vizuri kwa sababu ulisuuza mara moja zaidi. Wewe ni mtu kamili ukiwa na cheo na ukiwa na sabuni mkononi. Ikiwa utachoka, choka. Ikiwa utaichukia kazi, mwambie Mungu wazi kwamba umeichukia. Amesikia mengi zaidi ya hayo kutoka ule ua wa Majengo. Ila usimvalishe mtu nguo ya aibu ambayo hajaishona, na huyo mtu akiwa ni wewe mwenyewe, vivyo hivyo.

Nilitaka kumalizia hapo. Lakini kuna neno moja zaidi, na hili hata mama yako hajalisikia kwangu.

Unakumbuka mazishi ya nyanyako. Ulikuwa umerudi kutoka chuoni. Unakumbuka wale wazee wa Majengo waliokuja na kofia zao nyeupe, wakasimama kando ya ua mpaka maombi yakaisha, kisha wakaomba nao washike jembe. Mzee Salim alikuwa ameshazeeka, akishikiliwa mkono. Watu walipoanza kwenda kula, aliniita tukasimama kando ya udongo mbichi.

"Mwanangu," akasema, "nimekuja kumzika mama, lakini nilitaka pia nikushike mkono wewe. Tangu ile Jumapili yako ya kanisani nilitaka kukwambia, ila mama alitukataza tusikusifu usoni."

Nilidhani anajua.

"Alirudi kazini mchana ule," akaendelea. "Sisi tukamzunguka, tukamwuliza, je, Mama Murithi, kijana alikuwaje? Akatwambia, mwanangu aliponiona mlangoni aliwaacha wageni wake wote, akanishika mkono na gamboti zangu hivi hivi, akanipeleka akanikalisha mbele kabisa. Macho yake yalikuwa mekundu. Tukajua ni furaha. Supu ya siku ile aliomba nimkate kwenye mshahara, akagawia watu wote bure. Hadithi hiyo, mwanangu, tumewalea nayo watoto wetu pale Majengo. Mtoto akimdharau mamake, anaambiwa habari zako."

Mama yangu, mtu ambaye hakuwahi kusema uongo hata wa kipande cha nyama.

"Mzee," nikamwambia, "haikuwa hivyo. Nilimkana. Nilisema ni mama anayeuza matumbo. Aliketi mlangoni, akaondoka."

Mzee Salim hakuuachia mkono wangu. Aliutazama udongo.

"Miaka ishirini na minane alifanya kazi kwangu," akasema. "Sikupata kumkuta na uongo. Basi kama aliusema mmoja, aliusema kwa ajili yako."

Sijui Mungu aliuandika wapi uongo ule, Gacheri. Nimemuuliza na hajanijibu. Ninachojua ni kwamba saa ile ile nilipokuwa napigiwa makofi, mama yangu alikuwa akitembea kurudi Majengo akilia, na kabla hajafika alikuwa ameshanitengenezea mtoto mwingine wa kuwaonyesha watu, mtoto mwema, anayemshika mamake mkono. Kila asubuhi nikiamka namwona huyo kijana yuko mbele yangu barabarani. Namfuata. Bado sijamfikia, lakini namwona.

Nenda salama, mama. Nakupenda kama ulivyo, na popote mikono yako itakapokuwa imelowa.

Baba yako,
Murithi